Maji ya Bahgat

Kafr Salma, 4 Novemba

Binti yangu Nagwa,
Salamu sana. Sisi wazima, ila mama yako goti linamsumbua. Wewe je, unakula huko Mansoura au unashindia chai?
Kondoo wangu wote majike hawana mimba. Dume langu Ghalibu anawapanda, hakuna kitu. Jirani Shehata ananicheka: "Dume lako limekwenda hija nini, limeacha mambo ya dunia?" Niambie, nyie wa maabara, nimchinje? Hata yale maji ya kuzuia magonjwa anayotuuzia Bahgat nampa kila siku.
Baba yako

Mansoura, 13 Novemba

Baba mpendwa,
Shikamoo. Mama mpe pole.
Acha maji hayo leo! Yana madini ya fedha, yamesagwa yakawa chembe ambazo jicho halizioni. Niwie radhi kwa maneno haya: tuliwanywesha panya madume, korodani zikasinyaa, mbegu za uzazi zikawa chache, na mikia ya mbegu hizo imepinda. Tulipowaachisha, wengi walipona. Usimchinje Ghalibu. Mkuu wetu, Dakta Wagdi, alitukataza kusema; anashirikiana na wanaoyatengeneza.
Binti yako

Kafr Salma, 24 Novemba

Nagwa,
Mama yako anakusalimu. Mimi sina salamu.
Barua yako imekuta nyama imeshagawiwa. Ghalibu, niliyemlea kwa chupa! Kijiji kizima kinanywesha mifugo maji hayo, wewe umefunga mdomo mpaka yamfike baba yako? Ndicho nilichokusomeshea? Usiniandikie tena mpaka uwe umesema mbele za watu.
Abdulshafi

Mansoura, 2 Februari

Baba,
Shikamoo, hata kama huitikii. Natumaini nyote wazima.
Jana Dakta Wagdi alihutubia wafugaji. Nikasimama, nikasema yote. "Kaa chini, binti, una homa," akaniambia. Sikukaa. Nikawaonyesha picha za mbegu zile. Mzee mmoja akamfokea Dakta: "Kumbe unawamaliza mbuzi wangu kabla hawajazaliwa!" Leo nimenyang'anywa ufunguo wa maabara. Sina kazi. Nina hasira, Baba, na wewe pia. Uliniuliza, kisha hukungoja jibu!
Nagwa

Kafr Salma, 9 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Sisi hatujambo.
Jana wanakijiji tulimrudishia Bahgat madumu yake, tukayapanga mlangoni mpaka akakosa pa kutokea. "Nani kawadanganya?" akapiga kelele. Nikamwambia, "Binti yangu."
Bado nimekukasirikia. Nawe nikasirikie, una haki. Lakini si kwa karatasi. Njoo tugombane hapa hapa. Mama yako ameshachinja bata.
Baba yako