Nilichomwambia Nassor akiwa ameachama

Jumanne, baada ya Alasiri. Muscat inachemka. Hewa imejaa maji hata miwani inaingia ukungu ukifungua mlango wa gari. Mie nimejifungia chumbani, kiyoyozi kinanguruma, na mikono yangu bado ya baridi.

Leo nimemwambia mdogo wangu uwongo, vyuma vyangu vimo mdomoni mwake, nusu ya uso wake imekufa ganzi, hawezi kunijibu.

Wakati ule niliuchagua makusudi.

Nianze na yeye. Nassor ana miaka thelathini na nne, mie namzidi mitatu. Amekuwa mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu kwa miaka kumi na tano. Watu hapa wakisikia hoki wanadhani ile ya majani, inayochezwa mpaka skuli zetu. Nikiwaambia ni ya barafu wanacheka. Mwomani wa asili ya Unguja na barafu wapi na wapi?

Baba ndiye sababu. Tulipokuwa wadogo kampuni yake ilimpeleka Uswidi, tukakaa miaka saba katika mji mdogo wa kaskazini. Disemba jua linatoka saa nne za asubuhi, saa nane za mchana limeshazama. Mama alilia majira ya baridi matatu mfululizo. Mie nilijifungia na vitabu. Nassor alitoka nje. Baba akamnunulia viatu vya barafu vilivyokwisha kuvaliwa na mtoto wa jirani, na tangu siku hiyo tukimtaka ndani ilikuwa lazima tukamtoe uwanjani kwa nguvu.

Tuliporudi Muscat alikuwa na miaka kumi na tatu. Alikaa miwili hapa kama mgonjwa. Mwishowe Baba akamruhusu arudi peke yake, akaishi nyumbani kwa kocha wake. Mama hakusema na Baba mwezi mzima.

Hakuwa nyota, na nnasema hivyo bila ya kumdharau. Kila timu ina wachache wa kufunga mabao, na ina watu wa kuwalinda hao wachache. Nassor alikuwa wa kulinda. Kazi yake ilikuwa kujirusha mbele ya ile sahani ndogo ya mpira mgumu isifike golini, na akichezewa vibaya mwenzake, avue glavu apigane. Timu sita, nchi tatu. Alivunjika mtulinga mara mbili, taya mara moja, meno manne ya mbele. Mwaka jana alilala miezi miwili katika chumba cha giza kwa sababu mwanga ulikuwa unamtapisha. Daktari wa timu akamwambia kichwa chake hakitaki pigo jingine.

Mwezi uliopita walimwita ofisini kabla ya mazoezi. Anasema yalikuwa maneno ya dakika mbili. Alipotoka, vitu vyake vilikuwa vimeshatiwa katika mfuko mweusi wa taka, umewekwa mlangoni.

Basi karudi. Analala nyumbani kwa Mama, mtaa wa Al Khuwair. Timu moja ndogo ya daraja la chini, huko huko kaskazini, ilimpigia wiki iliyopita, inataka mtu wa kupigana. Aliwakatalia. Kapata kazi ya kufundisha watoto katika uwanja wa barafu wa moli moja hapa mjini, aanze Jumamosi. Ndiyo maana alikuja kliniki kwangu.

"Nitie meno, Dada," alisema. "Watoto wasije wakaniogopa."

Nilimpangia leo saa tatu asubuhi. Tulikuwa watatu chumbani: mie, yeye, na Neema, msaidizi wangu, binti wa kutoka Moshi. Wagonjwa wangu wengi hawajui Kiswahili, kwa hivyo mie na Neema tumezoea kuzungumza juu ya vichwa vyao tunavyotaka. Leo aliyelala kitini alikuwa anasikia kila neno.

Nilimpiga picha ya taya. Wallahi, sijapata kuona mdomo kama ule kwa mtu aliye hai. Vipande vya mizizi vimebaki ndani, mfupa umeunga upande, skrubu sita. Kabla ya sindano ya ganzi nikamuuliza, kama ninavyomuuliza mgonjwa yeyote, haya ya mbele yalitoka lini.

Akatazama dari. "Jumamosi ile," akasema.

Sikuhitaji kuuliza Jumamosi ipi.

Miaka minne iliyopita Baba aliugua mapafu. Siku ya Jumatatu alizidiwa, nikampigia Nassor, nikamwambia njoo. Akasema ana mechi kubwa Jumamosi, atakuja baada yake. Baba alifariki Alkhamisi alfajiri, tukampa Nassor habari kwa simu, tukamzika Adhuhuri. Jumamosi, siku ya tatu ya matanga, nyumba imejaa wanawake wenye misahafu, simu zikaanza kulia. Binamu yetu kaleta video katika kundi la familia. Nassor kapigwa na ile sahani mdomoni, damu imetapakaa kwenye barafu, anauma taulo, anarudi kucheza. Watu wanapiga makofi wamesimama. Timu yake ilikuwa imeitilia muziki.

Mama aliiona. Mie ndiye niliyemnyang'anya simu.

Tangu hapo nimekuwa na neno limenikaa kooni. Alipokuja likizo nilimpikia. Nilimpeleka na kumrudisha uwanja wa ndege. Nilicheka naye. Lile neno likabaki pale pale, linanenepa.

Leo nikampiga sindano tatu, nikangoja ganzi imshike, nikaanza kusaga jino la pembeni. Neema kashika mpira wa kunyonya mate. Nikasema, kwa sauti ile ile ninayomwambia mtu afungue zaidi:

"Unajua kama Baba alikuulizia?"

Macho yake yakanigeukia.

"Siku tatu. Kila mlango ukifunguliwa, anasema, Nassor kafika? Tunamwambia yuko njiani. Siku ya mwisho akasema, basi, msimwite tena. Akishamaliza mchezo wake asinijie kaburini."

Akataka kuinuka. Akatoa sauti, si neno. Nikamwambia, "Usitikisike, ntakukata."

Akatulia. Miaka kumi na tano ya kuvumilia maumivu mbele ya watu, alijua kutulia. Chozi likamtoka pembeni ya jicho, likaingia sikioni. Nikaendelea kusaga. Nilifanya kazi safi kabisa leo, pengine safi kuliko siku zote.

Na hapakuwa na hata neno moja la kweli. Baba hakuuliza. Siku ile ile ya Jumatatu walimlaza usingizi wakamtia mashine ya kupumulia, na hakufumbua macho tena mpaka anakufa. Mama alikaa kichwani pake siku zote hizo anamsomea Yasini. Hakuna mlango uliofunguliwa akasema kitu.

Nilimtia meno ya muda. Akasukutua, akatema damu, akakaa ukingoni mwa kiti na kile kikaratasi cha kifuani bado kimening'inia. Alizungumza kwa tabu, mdomo umepinda kwa ganzi.

"Alinipigia," akasema. "Jumatatu ile, kabla hawajamlaza. Alikuwa anahema. Akaniambia, usije, mwanangu. Cheza. Nataka nikiamka nisikie umeshinda."

Nikaweka kioo changu cha kukagulia meno kwenye trei.

"Miaka minne nnaishi na maneno hayo," akasema. "Kumbe aliamka, akaghairi."

Pale pale nilikuwa na nafasi. Mdomo ulikuwa wangu, haukuwa na ganzi. Nilivua glavu, nikanawa mikono, nikamwambia asile kitu kigumu mpaka kesho. Akaniambia ahsante, Dada. Akatoka.

Sijui kwa nini sikusema. Najua. Nilikuwa bado nnaona raha.

Neema alikuwa anapanga vyuma kwenye trei. Nikamwambia, kama mtu anayejitetea kabla hajashitakiwa, "Mtu hawezi kumwacha baba yake akafa kwa ajili ya kazi."

Hakugeuka.

"Mimi baba yangu nilimzika kwenye simu, Dokta," akasema. "Mwaka jana."

"Kwa nini hukwenda?"

Sasa akageuka. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nilikuomba ruhusa Jumapili. Kwetu maiti inasubiri watu wafike. Ukasema wiki hiyo wagonjwa ni wengi, nivumilie mpaka Alhamisi. Walizika Jumatano. Ndugu yangu alinishikia simu juu ya kaburi, na wewe ukanigongea mlango wa stoo, ukasema mgonjwa ameshakaa."

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka wiki yenyewe, kwamba ilikuwa na kazi nyingi. Nilikumbuka kwamba nilimnunulia biriani. Yeye sikumkumbuka kabisa. Uso wake wa wiki ile haumo kichwani mwangu.

"Neema, nisamehe."

"Una mgonjwa saa nne na nusu, Dokta," akasema, akatoka na trei yake.

Nilimtibu mgonjwa wa saa nne na nusu. Nikamtibu na wa saa tano na nusu. Halafu nikafunga, nikaendesha gari mpaka kwenye moli.

Uwanja wa barafu mchana huo ulikuwa mtupu, ila wasichana wawili waliovaa mabuibui, wameshikilia ukuta wanacheka. Nassor alikuwa anazunguka peke yake. Sijapata kumuona mdogo wangu akiteleza kwa macho yangu tangu alipokuwa mtoto. Mtu yule mzito, anayepanda ngazi za Mama kwa kushika ukuta, pale alikuwa mwepesi kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo. Nilisimama nikamtazama mpaka nikatetemeka kwa baridi.

Akaniona, akaja mpaka kwenye kizuizi. Yale meno yangu ya muda yalikuwa meupe mno kwake.

"Nassor, nilikudanganya asubuhi," nikasema. "Baba hakusema kitu. Alikuwa kalala na mashine tangu Jumatatu. Nilizua."

Akaegemea kizuizi.

"Usijisumbue, Dada."

"Wallahi l'adhim nakuapia. Nilikuwa na hasira na wewe. Nilitaka ikuume."

"Asubuhi ulisema bila ya kupepesa macho," akasema. "Sasa hivi unalia. Kocha aliyenifukuza naye alikuwa nusura alie. Alinishika bega, akasema utapata timu nzuri zaidi, wewe bado kijana. Nnaijua sauti ya mtu anayenionea huruma. Nimeisikia timu sita."

"Si huruma, ni kweli!"

"Sawa," akasema, kwa upole, kama vile mie ndiye mgonjwa. "Nimewapigia wale jamaa wa kule. Nimewaambia nakuja. Nasafiri Ijumaa."

"Na kichwa chako? Daktari kasema..."

"Jumamosi wana mechi," akasema. "Angalau huko nnajua wananitakia nini."

Akageuka, akaenda zake. Nilimwita mara mbili. Wale wasichana wakanitazama. Yeye hakutazama.

Nilikaa ndani ya gari pale chini ya moli muda mrefu. Nilikuwa nnatafuta ushahidi, kama mtu anayetaka kushinda kesi. Faili la spitali? Atasema nimelitengeneza, mie daktari, nnawajua watu. Kiapo nimeshakila na hakikusaidia.

Amebaki mtu mmoja tu ambaye Nassor hawezi kumkatalia, naye ni yule aliyekaa kichwani pa Baba. Mama akisema Baba hakufumbua macho, Nassor ataamini, na maneno ya ile simu ya Jumatatu yatarudi kuwa yake. Huenda asipande ile ndege. Huenda akapanda vile vile.

Lakini ili Mama aseme hayo, itabidi aulize kwa nini anaulizwa. Na itabidi nimwambie mbele ya Nassor kwamba nilimtia maiti wake maneno mdomoni. Kwamba nilimfanya mumewe, aliyemtuma mwanawe akacheze kwa mapenzi, afe anamkana. Mama ana miaka sabini na mbili. Mie ndiye mtoto wake mwema. Hivyo ndivyo anavyonitambulisha kwa watu.

Najiuliza ningefanya hivi kama Neema angenyamaza. Jawabu ninalo, ila silipendi.

Nimempigia Mama sasa hivi, kabla sijakaa kuandika. Nimemwambia kesho ntakuja chakula cha mchana, na amzuie Nassor asitoke, nna neno la kusema na wote wawili.

Kafurahi. Kasema tangu msiba wa Baba hajapata kutuweka sote wawili kwenye sinia moja. Kaniuliza apike nini.

Nimemwambia apike kitu laini.