Bangili Inayokwaruza

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kwamndolwa tuna uhai. Goti linamsumbua babu yako, lakini shamba haliachi.

Unauliza kama sonara wa huko Mwanza akulainishie ndani ile bangili ya shaba, maana inakukwaruza. Ngoja kwanza.

Baba yangu alikuwa mhunzi Handeni. Kila binti yake alipoolewa alimfulia bangili, na ndani akaacha mahali pamoja bila kupapiga tupa. "Ikikukwaruza, utakumbuka kwenu," alisema. Haikuvuliwa mpaka kufa.

Baba alipokwisha kufariki, nilikwenda kwenye maonyesho ya biashara hapa Korogwe. Dada yangu Mwanahawa, ambaye utotoni alikuwa akimvukutia baba moto, alikuwa ameolewa Mashewa, na masika yote hatukupata habari zake. Kwenye meza moja nikaiona bangili ya baba. Nikapitisha kidole ndani. Kikakwaruzika. Nikajiambia: dada amekufa, na wala hatukuambiwa!

"Mama, hii kavuliwa nani?" nikamuuliza muuzaji.

"Hajavuliwa mtu. Aliyeifua kaenda kunywa chai, anakuja."

Akaja Mwanahawa, yake ikiwa mkononi. Nikamng'ang'ania nikilia, nikamgombeza, "Hapa ndani umesahau tupa!"

"Sikusahau," akasema, akanipa niende nayo.

Ndiyo hiyo uliyonayo. Tangu barua yako ifike usingizi hauji. Nijibu upesi, mjukuu wangu: bado inakwaruza?

Bibi yako