Shali ya Basilia Huamán

Dada Hermelinda,

Huku tu wazima. Viazi tumeshavianika kwenye baridi ya usiku vigande na kukauka, na alpaka wetu wawili wa sufu wamezaa.

Juzi nilikwenda makumbusho ya mjini. Shali ya Mama imo ndani ya kioo, kando ya vyungu vya kale, na kikaratasi: "Mfumaji hajulikani." Nikaketi sakafuni, nikajifunga nyuzi zangu za kufumia kiunoni kama alivyotufundisha Mama, nikaanza kufuma ua lile lile la kwenye shali.

Mlinzi akaja juu: "Bibi wee, hapa si sokoni!"

"Siondoki mpaka mniletee kalamu. Huyo asiyejulikana ndiye aliyenizaa."

Wageni wakajaa. Mwishowe mkuu wa makumbusho akaileta kalamu mwenyewe, nami nikaandika jina la Mama kwenye kikaratasi kile kwa mkono wangu.

Najua ni wewe uliyeiuza shali ile. Njoo ulisome, kama unathubutu.

Mdogo wako,
Nieves