Pepo Wangu Aliitwa Hasira

Dada Kadzo,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za yule mpangaji wa chumba cha mbele uliyegombana naye kwa sababu ya redio. Siku hizi anaifungua kwa sauti ndogo. Kufa kwako kumemtia adabu.

Mimi sijambo. Nasema sijambo na hapo hapo machozi yananitoka, lakini wewe ulikuwa ukisema mambo mawili kama hayo yanaweza kukaa mkeka mmoja. Basi yakae.

Tangu tukuzike kwenu Rabai, chumba chako amepanga kijana wa bara, anapika sukuma asubuhi na jioni. Nikipita mlangoni bado nataka kupiga hodi. Kisha nakumbuka. Kisha nakushukuru, maana lau si wewe, mwanangu Zuhura asingelelewa na mikono hii.

Mwaka ule wa vyama vingi mume wangu alikufa kwa homa. Nikakaa eda hapa hapa Bombolulu pamoja na mama mkwe, na kila mchana mwili ulianza kutetemeka, meno yakigongana, na chochote kilichokuwa mkononi nikakitupa. Mama mkwe alikuwa na jibu lake: "Mwanangu, wewe una pepo. Utapungwa ukishatoka eda, na mtoto n'takwenda naye kwangu Likoni mpaka upoe." Alisema kwa huruma, wallahi, si kwa ubaya. Lakini nilijua mtoto akishazoea huko harudi tena kwangu.

Wewe jirani yangu ulikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, nami nikangoja unicheke au unipe vidonge. Ulikaa chini ukaniuliza: "Pepo akipanda, mganga humfanyaje?" Nikakwambia humuuliza jina lake na anachotaka, maana pepo asiyejitaja hatulii. Ukajipiga paja. "Basi mganga na daktari wamekutana njiani, mdogo wangu. Na hili jambo lako tuliulize."

Ndipo ukanieleza habari za ubongo, huku unabangua korosho zangu na kuzila. Kwamba ndani kabisa mna kitu kidogo kama kiini cha tunda la kungu, na kazi yake ni kupiga kamsa. Hakiulizi, hakingoji, kikishtuka mwili wote unashtuka. Huku mbele, nyuma ya paji la uso, anakaa mwenye busara, lakini huyo huchelewa kufika. Ukilitaja kwa jina lile linalokutesa, umemwita aje, na kamsa inapungua. Mpaka leo sijui kama madaktari wanalisema hivyo. Mimi nilielewa.

Kisha ukaniambia tukae chini tutazame pumzi. Kukaa huko ulifundishwa na bibi mmoja Mbudha wa Silani, hiyo Sri Lanka ya siku hizi, mama wa mwonja chai, uliyemuuguza Changamwe; kila alfajiri alikaa akitazama pumzi yake tu. Niliogopa kukufuru. Ukaniambia, "Mimi wa kanisani, wewe wa msikitini, na pumzi haina dini. Husujudii kitu. Na eda imeshakukalisha, bado kutulia tu."

Kutulia! Siku ya kwanza nilisinzia. Siku ya pili nikawaza kama mchana tutapata samaki changu au tasi. Lakini ulikuja kila ulipotoka zamu, miguu imekuvimba, ukakaa karibu yangu na ule mchezo wako wa kupumua kwa kelele kama ng'ombe. Mtetemeko ukija ulinong'ona: "Usilifukuze, wala usilishike. Liulize."

Nikaliuliza. Likasema hasira. Nilikuwa na hasira na marehemu mume wangu, aliyechemka homa huku akisema hospitali kesho, kesho, mpaka kesho ikamkuta amekufa. Maiti hasemwi vibaya, nami mjane ningemsemea wapi? Nilikuwa nimemeza jiwe. Nilipokwambia hukushtuka hata kidogo. Ulisema tu, "Enhe, na nini tena?" Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Nilitoka eda mikono imetulia. Mama mkwe akasema dua zake zimepokewa, tukamwachia ushindi wake. Zuhura akabaki.

Sasa nikupe habari iliyonifanya niandike. Juzi mama mkwe alikuja kunipa pole kwa ajili yako. Alikuwa akikusifu, mara kikombe cha kahawa kikaanza kugonga kisahani. Mtetemeko ule naujua. Miaka yote hii sijamwona akilia, wala kumsikia akimtaja mwanawe ila kwa neno marehemu. Sikumwambia habari za ubongo wala za Silani. Nilimtoa kikombe mkononi, nikakaa karibu yake, nikauliza: "Mama, linaitwaje?"

Akanishika mkono, nami nikakaa naye. Kisha akasema, "Omari."

Akalitaja tena na tena, Dada Kadzo, mpaka akapata machozi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalisikia jina hilo kinywani mwake tangu siku tuliyomzika mwanawe. Niliyemdhania mnyang'anyi wa mtoto wangu alikuwa mama aliyefiwa na wake, na hakuna aliyemuuliza.

Lala salama, dada yangu. Ahsante kwa miguu yako iliyovimba. Ahadi yangu ni hii: mama mkwe akianza kulia, sitamwambia asubiri, wala sitamwambia ni kazi ya Mungu. Nitakaa chini.

Mdogo wako,
Mwanasha