Machozi ya Kamera ya Pembeni

Mpwa wangu, mtabiri wa televisheni,

Huku mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri. Barua yako niliisomea kwenye cherehani, sindano nusura inichome kidole.

Mwaka juzi ulitabiri watazamaji watataka mizimu. Mwaka jana, wapishi wanaogombana. Sasa waapa kwamba watataka wazee wa ughaibuni wakirudi kwao, na kituo chenu kitanilipia tiketi mradi mnirekodi nikikutana na mama yako, dada yangu ambaye sijamwona tangu vita vitutenganishe. “Mjomba,” umeandika, “mkishakumbatiana mtarudia, ili kamera ya pembeni nayo ipate machozi.”

Mpiga ramli hupiga bao lake akangoja. Wewe wapiga bao, kisha wamtuma mama yako alie ili lisikuaibishe.

Cherehani nimeiuza, tiketi ninayo. Siku ya kufika sikwambii. Dada yangu atasikia hodi, atafungua mlango mwenyewe, nasi tutalia mara moja tu. Wewe utakuwa kazini, ukitabiri.

Ni mimi mjomba wako,
ambaye hukumtabiri.