Adhana Iliyotangulia

Mpendwa Baba Zaituni,

Ulipokuwa ukiuza tiketi za ndege kwenye ofisi ile ya mtaa wa Asiatique, dunia yote uliijua kwa masaa. Nilikuwa nakuletea chakula cha mchana, nawe unanipimia kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Nairobi, saa moja na nusu tu kwa ndege, na jua lao linatua karibu nusu saa kabla ya letu. Brussels, kilomita zaidi ya elfu sita, masaa manane angani. Nilikucheka, kwa sababu ndege yenyewe ulikuwa hujawahi kuipanda.

Halafu ukapanda. Siku ile uwanjani, tumbo langu likiwa la miezi saba, ulinishika mkono ukasema, "Apana toka kwa nyumba. Brussels ni masaa munane tu, mi ntakuya kukutwala."

Sikutoka. Mama na dada zangu walipokimbia vita kwenda Kigoma walilia niende nao, nikawaambia mume wangu akija atanikosa. Zaituni alijifunza kutembea kwenye korido, maana hakuna dirisha la kupitisha risasi. Ulipopiga simu dukani kwa jirani ulinisimulia baridi, treni, na jinsi jua la Julai huko linavyochelewa, mpaka magharibi inaswaliwa saa nne usiku. Nami nilimsimulia mtoto, akapenda sana hilo la jua.

Julai hii mabomu yakaanguka hapa mjini, mitaa ya Kinindo na Kibenga, ukapiga kutujulia hali. Kwetu jua lilikuwa bado halijaingia nyuma ya milima ya Kongo. Nyuma ya sauti yako nikasikia adhana.

"Ni redio tu," ulisema.

Kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa: "Baba Salim, maji ya udhu tayari." Ukakata simu. Nilibaki nimekaa kwenye stuli ya duka karibu nusu saa, mpaka msikiti wetu nao ukaadhini magharibi. Ramani ile nilikuwa naikumbuka vizuri.

Juzi ulipopiga tena nilikuuliza, "Uko Nairobi tangu lini?"

Ukasema, "Mi nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Mke wa pili ningemlilia, kisha ningezoea. Ungekuwa Brussels kweli ningekutetea hata kwa mama. Lakini ulikuwa saa moja na nusu kutoka kwangu, unasikia habari za mabomu, unatawadha, unakula na mwanao Salim, na bado unaniambia nisihame. Zaituni ana miaka mitatu na mabomu yakilia anajua kulala chini bila kuambiwa. Hilo sikusamehe.

Kesho tunakwenda Kigoma kwa mama. Mtoto ameniuliza ni masaa mangapi. Nimemwambia sijui, tutajua tukifika.

Swala njema huko uliko.

Mama Zaituni, aliyekungoja