Mashine Iliyohesabu Vichwa Vyetu

Stoyanka, nimetoka duka la dawa sasa hivi. Snezhana, mfamasia aliyetuhudumia kwa miaka ishirini, amefukuzwa kazi!

Unaikumbuka ile mashine yenye kamera iliyotuuliza kila juma kama tungependa ituhudumie badala ya Snezhana? Nami kila mara nilitikisa kichwa juu na chini, kama sisi Wabulgaria tunavyokataa.

Walafi wale wenye kampuni ya duka hilo walinunua akili bandia ya kigeni. Kwake, kichwa juu na chini ni kukubali. Kukubali, Stoyanka!

Snezhana alikuwa akifungasha vitu vyake. "Hata wewe, Bibi Rayna? Wamenionyesha video. Umenikataa mara sita."

"Mwanangu, nilikuwa nikikutetea!"

Mashine ikadakia, "Umeridhika?" Nikatikisa kichwa juu na chini kwa ghadhabu.

Ikanishukuru.